Siku Mbili Pangani

 Kaeni vizuri. Aliye mbali na redio asogee karibu, na mwenye daftari alifungue. Leo hatutasoma juu ya mbolea, wala juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Leo twaenda matembezi.

Najua yuko mzee mmoja hapo darasani atakayesema, "Matembezi ni mambo ya Wazungu." Sikiliza, mzee wangu. Katika nchi ya Hispania uko mji wa kale uitwao Toledo, ambao Waislamu, Wayahudi na Wakristo wote waliacha humo majengo yao. Mtu wa mji mkuu wa Madrid, mwenye kazi yake na watoto wake kama wewe, huondoka Jumamosi asubuhi kwenda Toledo, akatazama misikiti na makanisa na kuta za zamani, akalala usiku mmoja, akarudi nyumbani Jumapili. Safari yenyewe ni kama kilometa 70 tu. Na kutoka Amani kushuka mpaka Pangani si mbali sana kuliko hapo. Wageni huvuka bahari ili kuona vipepeo na ndege wa misitu yetu. Sisi tumekaa hapa mlimani miaka arobaini, twanunua samaki mkavu atokaye pwani, na mji anakotoka samaki huyo wengi wetu hatujapata kuuona.

Iko na sababu nyingine. Mwaka huu mmejifunza kusoma. Mji wa kale nao husomwa, maana umeandikwa kwa mawe, kwa milango na kwa makaburi. Lakini kitabu hiki kinachanika. Kila masika ukuta mmoja huanguka, na ukuta ulioanguka hausomeki tena.

Tuanze na fedha, kwa kuwa safari nyingi huvunjika hapo. Nendeni watu wanane au kumi pamoja. Mama zangu, msikubali kuachwa nyuma mkaambiwa mkatazame kuku. Chagueni mmoja mwenye mwandiko mzuri awe karani wa safari. Naye aandike katika daftari nauli ya kwenda, malazi, chakula, na nauli ya kurudi. Kila mtu aweke fedha kidogo kidogo kila juma baada ya darasa, karani aandike jina na kiasi, na mweka fedha ajionee mwenyewe kwa macho yake kilichoandikwa. Ndiyo faida ya kujua kusoma! Nauli ya kurudi ifungwe peke yake katika kitambaa, isiguswe hata kama mtu ameona kanga nzuri dukani. Siwatajii bei, kwa sababu bei hubadilika. Ulizeni stendi kabla ya siku yenyewe, na ulizeni bei ya chumba kabla ya kuweka mzigo chini.

Msiende wakati wa masika, mwezi wa Machi mpaka Mei. Ninyi wa Amani mnaijua barabara yenu jinsi inavyokuwa siku za mvua. Mwezi wa Juni mpaka Septemba ni bora, au kiangazi cha Januari na Februari.

Jumamosi amkeni mapema. Gari litashuka kutoka Amani, penye kimo cha karibu meta 900, likizunguka kona baada ya kona katikati ya msitu na mashamba ya iliki na mdalasini, mpaka Muheza penye joto. Kutoka Muheza ziko njia mbili. Iko barabara iendayo Pangani moja kwa moja, na iko ya kupitia Tanga mjini. Mimi nawashauri mwende kwa njia ya Tanga na kurudi kwa ile ya moja kwa moja. Njia ya Tanga ni ndefu, lakini ina mambo.

Mkitoka Tanga kuelekea kusini mtapita upande wa Machui. Huko, katika kijiji cha Vibambani, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na huko alizikwa mwaka 1962. Kila mmoja wenu atakayeendelea na masomo atasoma vitabu vyake, basi mkipita hapo mjue mnapita kwa nani.

Kama kilometa 17 kutoka Tanga yapo magofu ya Tongoni. Hapa shukeni, msiwe na haraka.

Tongoni ulikuwa mji wa Waswahili wenye biashara, nao ulistawi zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mtaona gofu la msikiti, na pembeni yake makaburi kama arobaini yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mengi kati ya hayo ni makaburi ya nguzo, yaani juu ya kaburi ilisimamishwa nguzo ndefu ya mawe. Makaburi ya namna hii yapo sehemu nyingi za pwani yetu, toka Somalia hadi kusini, lakini hapa Tongoni yamekusanyika kwa wingi kuliko kwingineko. Nguzo nyingi zimeanguka. Tazameni vizuri zile zilizobaki, mtaona vishimo vya mviringo. Katika vishimo hivyo yalipachikwa mabakuli na sahani za kigeni, hata za kutoka China, kuonyesha heshima ya marehemu. Mabakuli hayapo tena. Yaling'olewa na watu, moja moja, mpaka yakaisha. Basi mkisimama mbele ya vishimo hivyo fikirini ya kuwa bakuli la udongo lilitoka China kwa merikebu likafika hapa Tongoni, likakaa ukutani mamia ya miaka, halafu mtu mmoja akaja na kisu.

Bahari mnayoiona hapo nayo ina habari yake. Zamani mahali hapa paliitwa Mtangata. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno wa kwanza kufika Bara Hindi kwa kuzunguka Afrika, alipita hapa akielekea Mombasa. Merikebu yake moja, São Rafael, ilipanda fungu mbele ya Mtangata, na maji yalipojaa ikaelea tena. Mwaka uliofuata, Januari 1499, walirudi hapo hapo. Safari hii mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi ya kukosa mboga na matunda, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Basi wakaitia moto São Rafael papo hapo, wakaendelea na mbili zilizobaki. Watu wa Mtangata waliona moto huo baharini. Ninyi mnaolima machungwa Muheza, fikirini hilo: kikapu cha machungwa kingaliwaokoa wengi wa mabaharia wale.

Tuendelee. Toka Tanga mpaka Pangani ni kama kilometa 50, minazi kulia na kushoto. Mtafika alasiri, wakati jua limeanza kulegea. Tafuteni malazi kwanza, nawe na lango, kisha nendeni mtoni.

Hapo ndipo mtakapoelewa kwa nini mji ulijengwa mahali hapa. Mto Pangani huanza kwa maji ya Kilimanjaro na Meru, ukapita nyika karibu kilometa 500, ukaingia baharini hapa. Katika mlango wa mto jahazi hupata kimbilio. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na pepo za kusi zikayarudisha. Kutoka bara zikashuka misafara yenye pembe za ndovu. Na kutoka bara, hapana budi tuseme, walishushwa pia watu waliofungwa. Wengine walivushwa kwenda Unguja, wengine walibaki hapa hapa kulima mashamba ya miwa kandokando ya mto. Katika karne ya 19 sukari ya Pangani ilisifiwa, na iliyoilima ni mikono ya watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kupiga marufuku biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari, lakini utumwa wenyewe ulikwisha kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Wazee waliozaliwa na mama watumwa walikuwapo bado wakati babu zenu walipokuwa vijana.

Jioni kunyweni kahawa na kashata, kuleni samaki na wali wa nazi, mlale. Anayetaka kuzungumza na wavuvi azungumze, lakini asiwaulize mambo kama polisi. Salamu kwanza. "Shikamoo" husaidia kuliko fedha.

Jumapili asubuhi, kabla ya jua kali, tembeeni mjini kwa miguu. Mtaona nyumba kubwa za zamani zenye milango ya kuchongwa, na maduka yaliyojengwa na Wahindi yenye roshani za mbao juu ya njia. Ingieni katika nyumba moja, kwa ruhusa ya mwenyewe, mkaipime kwa hatua zenu. Mtakuta ya kuwa vyumba ni virefu lakini ni vyembamba, hatua tatu au nne tu. Kwa nini? Wengi hufikiri ni desturi tu. Siyo. Dari ya nyumba hizi ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haizidi sana meta tatu. Upana wa chumba ulipimwa na mti. Kama mikoko ingalikuwa mirefu kama mivule ya Amani, vyumba vya Pangani vingalikuwa vipana.

Ukuta wenyewe ni matumbawe yaliyochimbwa pwani, na udongo wake ni chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuru ya kuni. Ukuta wa namna hii hupumua. Maji huingia kidogo, jua likitoka yakatoka. Adui yake ni wawili. Wa kwanza ni paa lililotoboka. Mvua ikiingia kwa juu, boriti huoza, dari ikaanguka, na ukuta usiokuwa na dari husimama miaka michache tu. Adui wa pili watu hawamdhanii, naye ni saruji. Mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, huona chokaa inabanduka, akanunua mifuko ya saruji akapiga lipu. Nyumba yaonekana mpya. Lakini saruji haipumui. Maji na chumvi vikafungiwa ndani, vikala ukuta taratibu, na siku moja lipu hutoka na vipande vya ukuta. Mwenye nyumba ya kale, hata huko kwenu, na ayakumbuke maneno haya: ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa. Nami nasema, mwenye nyumba maskini asilaumiwe. Chokaa nzuri na fundi aijuaye si rahisi kuwapata, na paa ni ghali. Ni afadhali kumsaidia kubadili bati mbili tatu kuliko kuja kumpiga picha nyumba yake ikiisha anguka.

Kisha nendeni kwenye Boma. Ni jengo kubwa karibu na mto, ambalo husemwa lilijengwa mwaka 1810 na tajiri Mwarabu, na baadaye likawa ofisi ya Wajerumani, wale ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Mtasimuliwa ya kuwa watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo zake ili jengo liwe imara. Habari kama hiyo husimuliwa pia katika miji mingine. Msicheke, maana maneno hayo yabeba uchungu wa kweli. Lakini karani wenu asiandike, "Watumwa walizikwa." Aandike, "Inasimuliwa ya kuwa watumwa walizikwa." Neno moja hilo, inasimuliwa, hutenganisha habari iliyoshuhudiwa na habari iliyopokewa kinywani, nayo yote miwili ina mahali pake.

Habari ya mwaka 1888 imeshuhudiwa na kuandikwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo Sultani Khalifa wa Unguja aliipa Kampuni ya Wajerumani ruhusa ya kutawala pwani na kutoza ushuru kwa jina lake. Mwezi wa Agosti akaja Pangani wakili wa kampuni, Emil von Zelewski. Alidharau bendera ya Sultani, akadharau liwali, na inasimuliwa ya kuwa watu wake waliingia msikitini na mbwa wakati wa Idi. Mji ulichafuka. Mwezi wa Septemba watu walimfungia yeye na wenzake ndani ya nyumba, mpaka Jemadari Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa askari wa Sultani, alipokuja kumtoa. Huyo Zelewski ndiye aliyeuawa na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891. Hakujifunza kwa Pangani.

Kiongozi wa vita hivyo alikuwa Abushiri bin Salim. Vita vilienea Tanga, Sadani, Bagamoyo, hata Kilwa. Wajerumani walimleta Hermann von Wissmann na askari wa kuajiriwa, Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, na mwezi wa Julai 1889 wakaiteka Pangani. Abushiri alikimbilia bara, akakamatwa, akaletwa hapa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa. Mwenyeji wa pwani hii, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliitunga vita hiyo katika utenzi.

Sasa nina neno juu ya Abushiri. Mtakutana na watu wamwitao shujaa, na ni kweli, alipigana na mgeni aliyekuja kutwaa nchi. Mtakutana na wengine watakaowaambia ya kuwa Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na waliolima ni watumwa. Hilo nalo ni kweli. Nimewahi kuona watu wazima wakigombana juu ya jambo hili mpaka kahawa ikapoa. Mimi sioni sababu ya kuchagua moja na kulificha la pili. Mjukuu wa mwenye shamba na mjukuu wa mtumwa wanakaa mtaa mmoja Pangani leo, na wote wawili wana haki ya kuiona habari yao imeandikwa.

Kama mmebakiwa na saa mbili, tazameni ng'ambo ya kusini ya mto. Kwa miaka mingi watu wamevuka kwa pantoni kwenda Bweni. Ulizeni njia iliyo wazi siku hiyo. Huko kusini pako Kikogwe, mahali pasipo na jengo la kutazamwa, lakini ninyi wa Muheza pawahusu sana. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Asili ya mmea huo ni Mexico, katika nchi ya Yucatán, iliyokuwa zamani chini ya Hispania, na jina la Kizungu la mkonge limetokana na bandari ya huko iitwayo Sisal. Miche ilisafiri hadi Ulaya kwanza, kisha huku. Ilipofika, iliyo hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ikapandwa Kikogwe. Kutoka hiyo yakaja mashamba ya Muheza, Korogwe na Tanga, na kituo cha uchunguzi cha Mlingano. Miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Wangapi kati yenu baba zao walikuja Tanga kukata mkonge? Nyosheni mikono, ingawa mimi siwaoni.

Mtaambiwa pia habari ya Maziwe, kisiwa kidogo mbele ya pwani. Zamani kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa walitaga humo. Bahari ilikula ufuko, miti ikaanguka, na sasa ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Safari ya kwenda huko ni ghali, iacheni kwa mwaka mwingine.

Kabla ya kurudi, nina mambo mawili. La kwanza, katika makaburi na juu ya milango mtaona miaka ya Kiislamu. Karani asidhani ya kuwa mtu aliishi miaka 600 nyuma. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo kuongeza peke yake hakutoshi. Chukueni mwaka huo, zidisheni kwa 97, gawanyeni kwa 100, kisha ongezeni 622. Mfano ni mwaka 1307. Mara 97 ni 126,779. Gawanya kwa 100, ni karibu 1,268. Ongeza 622, mmepata 1890. Jibu laweza kupotea mwaka mmoja, lakini hutupa karibu.

La pili, msichukue kitu. Jiwe, kigae, hata kipande cha bakuli mtakachokiona mchangani Tongoni, kiacheni pale pale kilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba na kuondoa, lakini hata bila sheria, mmeviona vile vishimo. Atakayeuziwa ubao wa mlango wa zamani njiani, hata kwa bei nafuu, asinunue. Mlango huo umetoka katika nyumba ya mtu.

Gari la Muheza hujaa upesi Jumapili, basi muwe stendi mapema, na karani afungue kile kitambaa cha nauli.

Sasa mwalimu wa darasa azime redio, na kila mwanafunzi ajibu katika daftari. Kwa nini vyumba vya Pangani ni vyembamba? São Rafael ilichomwa mwaka gani, na kwa sababu gani? Jumba gani la zamani liko karibu na kwenu, nani alilijenga, na yuko nani hai anayeweza kukuambia? Jibu la swali la mwisho mtalihitaji Alhamisi ijayo, saa hii hii.